Alama Kumi za Athari

Tulikaa watano, ghorofa ya pili, Mtaa wa Swahili,
juu ya duka la mabomba ya plastiki,
Desemba inatuchemsha kama maharage,
na feni moja, kazi yake kuhamisha joto
kutoka kwa Mwenyekiti Rweyongeza kuja kwangu.
Kila mmoja na fomu yake, kalamu ya kuazima,
vitumbua vilivyopoa tangu asubuhi.
Tutaje filamu tatu za mwaka. Tatu tu,
zile zenye uzito na athari.

Uzito naujua. Nimebeba televisheni ya chogo
kwa miguu hadi Tandika.

Mwalimu Ngailo akaitaja ile ya mpima ardhi:
picha zake, alisema, zinapumua.
Kweli zinapumua. Nimeitazama mara mbili,
mara zote nikasinzia pale anapovuka mto.
Bi Sikudhani akaitaka ya wakwe wawili na friji,
maana tangu Pasaka hakuna harusi Temeke
isiyoshonesha gauni la kola ile,
na mshonaji ni yeye, pesa kaziona:
"Kama hiyo si athari, athari ni mdudu gani?"
Mwenyekiti akaandika: mdudu. Akafuta.

Zamu yangu.

Miaka kumi na tisa nimeshika kipaza sauti
kwenye kibanda umiza,
nawatafsiria watu maneno ya mbali.
Nimekuwa polisi, nimekuwa bibi harusi,
nimekufa kwa sauti yangu mwenyewe mara elfu,
shilingi mia mbili kwa kichwa.
Filamu sikuzisomea. Zimenipitia kooni.

Nikasema: ile ya nesi wa zamu ya usiku.
Wakapekua. Ipo, namba kumi na nne.
Sauti, alama tatu. Mwanga, mbili.
"Mwisho wake dhaifu," akasema Ngailo, kwa upole.
Mwisho wake, nikasema, sijautaja.

Ilikuwa Julai, Jumanne, watu sitini, benchi tisa.
Kitanda namba sita yumo baba aliyemkana.
Dripu imekwisha. Nesi ananyoosha mkono,
na Luku yangu ikasoma sifuri.

Hakuna aliyedai pesa yake.
Gizani sauti ya Kibwana, muuza mkaa: "Atamwacha."
Mwanamke wa nyuma: "Wewe ungemwacha wako?"
Wakabishana hadi mbu wakawafukuza,
wakabishana bombani, wakabishana kwa kinyozi
mtu ana povu nusu ya kidevu.
Alhamisi Kibwana akafunga banda la mkaa,
akapanda basi la Kilwa, kwa mzee wake,
miaka kumi na moja hawajasemezana.
Jumapili akarudi na gunia la mihogo.
Hakusema kitu. Mihogo akaigawa.

Umeme niliununua usiku uleule.
Nikautazama mwisho peke yangu, milango nimefunga:
kilio, kinanda, baba anafumbua macho,
harusi, wote wamesameheana, hata daktari.
Nikairudisha diski kwenye kasha.
Asubuhi nikawaambia imekwaruzika.

"Sasa," akauliza Mwenyekiti, "unapendekeza filamu,
au unapendekeza kukatika kwa umeme?"
Napendekeza, nikasema, dakika sabini na moja za mwanzo.
Bi Sikudhani akachukua kitumbua, akakitazama, akakirudisha.
Fomu haina mstari wa dakika.

Ya kwanza ikawa mpima ardhi, ya pili friji,
ya tatu ile ambayo hakuna aliyeichukia.
Mimi nikaandikwa kwenye Mengineyo.

Chini dukani kijana wa kwetu Tandika
alikuwa anampimia mteja bomba la nusu inchi.
"Mmemaliza? Na ile ya nesi je?
Hivi, mwishowe alimbadilishia dripu?"

Sijui, nikamwambia. Diski imekwaruzika.

Akaacha kupima, futi mkononi,
na mteja wake naye
akaweka mfuko chini.